Maji Hayaegemewi

Talaam aliishusha bloku mezani pangu
kama mtu anayemrudisha mtoto wa jirani aliyevunjika mkono.
Silinda ya tatu ilikuwa na ufa,
mwembamba hivi kwamba ukucha uliuona kabla ya jicho.
"Kwamboka, imenisaliti."
Haijakusaliti. Ulisukuma, ikasogea.

Tazama hapa juu. Silinda nne zimesimama majini,
hakuna inayogusa bega la mwenzake.
Chini zimeshikwa, juu kila moja na lake.
Waliounda waliona inatosha,
na kwa gari la kupeleka watoto shule inatosha.
Wewe umefunga turbo yenye kifua cha nyati,
umepanda Solai mguu ukiwa umezama hadi kwenye bati,
na kila mlipuko ulipozisukuma
zilitafuta pa kuegemea, zikakuta maji.
Maji hupoza.
Maji hayaegemewi.

Siku tatu nilitoboa.
Mashine yangu niliinunua mnadani, mali kuukuu ya reli;
hulia ikianza, kisha hunyamaza
kama mtu aliyekumbuka kazi.
Nyuzi za alumini zilinijaa viatuni.
Nilipima alfajiri, kabla mabati hayajashika joto,
maana ikifika saa sita
chuma husema uongo mdogo,
na uongo mdogo ndio unaoua injini.

Slivu mpya ni za chuma cha kusubu, kila moja na ukosi wake,
na kosi hizo zikikaa zitakutana, bega kwa bega,
zifunge yale maji chini kama kifuniko cha sufuria.
Ila slivu ni pana kuliko tundu lake,
kwa kipimo kisichofikia unywele.
Hapo ndipo penye kazi:
kinachokataa kuingia ndicho kitakachokataa kutoka.

Tanuri sina. Wangeci analo, kule Bondeni, la mikate.
Saa nane usiku tuliisukuma bloku
mahali pa trei za skonzi.
"Mikate yangu haitanuka mafuta?"
Nimeiosha mara nne, mama. Mara ya mwisho kwa sabuni ya vyombo.
Slivu zilikuwa zimelala kwenye friza ya buchari ya Osore,
ndani ya magazeti, kati ya maini na mifupa ya supu.
Tulizibeba mbio, zikifuka moshi baridi
kwenye mikono ya glavu.

Ya kwanza ikazama, ndu, kama jiwe kisimani.
Ya pili.
Ya tatu, pale penye ufa.
Ya nne ikasimama nusu.

Talaam alikuwa ameshainua nyundo.
Nikaushika mkono wake, nikaushusha,
na sikuwa na maneno mazuri usiku ule.
Ukiipiga itaingia, ndiyo,
itaingia imepinda, na utalipa kwenye kona ya mbali
pasipo na mtu wa kukuvuta.
Tukairudisha yote motoni.
Tukangoja. Unga uliumuka ukafurika,
Wangeci akiangalia saa, kisha mimi, kisha saa.
Tulipoitoa nilimimina barafu tumboni mwa ile slivu
nikaondoa mikono.

Ikashuka yenyewe.
Nilisikia ukosi ukigusa ukosi.

Bondeni asubuhi ile walikunywa chai bila kitafunio.

Talaam hakushinda. Giaboksi ilimwacha mtoni,
akarudi nyuma ya trekta, mweupe kwa vumbi hadi kope,
akicheka kama aliyepata.
Nilifungua injini Jumatatu.
Nikapitisha ukucha ndani ya kila silinda, taratibu,
juu, katikati, chini, mzunguko mzima,
haukukwama popote.

Deni la Wangeci, mikate sitini na minne,
Talaam anasema atalipa mwisho wa mwezi.
Hajasema mwezi gani.